Kutazama jua likizama: tabia ya bure yenye faida

Zanzibar jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni, mwaka mzima. Visiwa viko karibu na ikweta, hivyo muda huo haubadiliki sana na ni rahisi kuuzoea.

Mfano mzuri ni Forodhani, Mji Mkongwe, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Jioni vijana hujitosa baharini kutoka ukutani, wauza urojo na mishikaki wanapanga meza, wazee wanapiga soga. Hakuna anayealikwa. Lakini mzoefu asipoonekana siku mbili tatu, wenzake wanaanza kuulizana: yuko wapi? Kwa anayeishi peke yake, hilo si jambo dogo.

Mwili nao unafaidika. Giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Mwanga mkali wa simu huichelewesha.

Unataka kuanza?

- Chagua sehemu moja, hata kibarazani.
- Simu iache mfukoni.
- Mwite jirani.
- Usilikodolee jua lenyewe, linaumiza macho. Tazama mawingu yanavyobadilika rangi.