Ususi wa maumbo ya mimea

Ususi wa maumbo ya mimea ni kazi ya kusuka vyombo au sanamu kwa kufuata umbo la ua, kibuyu, ganda la mbegu au shina. Upande wa mtaa wa Olympic, Kibera jijini Nairobi, jadi iliyo karibu zaidi na kazi hii ni tabaga za akina mama wa Kinubi, ambao makazi yao ya zamani yako jirani, Makina.

Tabaga ni sinia au kifuniko cha chakula, ndugu wa kawa la pwani. Mbinu ndiyo inayotofautiana. Pwani, ukindu husukwa kwanza kuwa ukili mrefu, halafu ukili huo hushonwa ukizungushwa. Tabaga huanza na kitita chembamba cha nyasi au njiti, kikaviringishiwa chane zilizotiwa rangi, na kila duru ikafungwa kwa sindano kwenye duru iliyotangulia. Hakuna fremu wala kalibu.

Hapo ndipo ua linapozaliwa. Kitita chenye unene wa sentimita 1 kikizungushwa bapa, kila duru huwa ndefu kuliko iliyopita kwa takriban sentimita 6.3. Petali iliyoanza na mishono miwili ya rangi nyekundu karibu na kitovu haina budi kuongezewa mishono katika kila duru, la sivyo itabaki mstari mwembamba. Akitaka petali ifumbe, msusi hupunguza nyekundu duru kwa duru hadi ibaki ncha. Umbo la chombo nalo hufuata jinsi duru inavyolazwa: kando ya mwenzake hutoa sinia, ikipandishwa kidogo hutoa umbo la pia, ikizidishwa urefu kuliko nafasi iliyopo, ukingo hujikunjakunja kama jani la sukuma wiki. Wengi huhesabu kichwani, bila mchoro.

Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Walipewa makazi kwenye eneo lililokuwa msitu, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi ekari 4,197 kwa ajili ya jeshi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Kwa upande wa ususi, kwa kuwa kiondo, kikapu cha Wakikuyu na Wakamba, ndicho kilichopata jina sokoni, tabaga hutajwa kwa nadra ususi wa Kenya unapozungumziwa, na hiyo si haki. Kiondo, ambacho zamani Wakamba walikisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu na siku hizi ni mkonge, nacho hukua kutoka kitakoni kwenda juu, ila kwa kupitanisha nyuzi, si kwa kuzungusha kitita.

Mbinu za vikapu zimewahi kuvuka na kuwa sanaa ya sanamu. Ruth Asawa (1926–2013), msanii Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, alijifunza kusuka waya kwa vitanzi huko Toluca, Meksiko, mwaka 1947. Mwaka 1962 alipewa mmea wa jangwani uliotoka Death Valley. Alijaribu kuuchora, matawi yakamchanganya, akaamua kuujenga kwa waya ili auelewe. Alifunga kitita cha nyaya katikati, akakigawa mara kwa mara kuelekea nje, hadi ncha zikabaki waya mojamoja. Naomi Wanjiku Gakunga, msanii Mkenya aliyezaliwa mwaka 1960 na anayeishi San Antonio, Texas, hutumia mabati yaliyoachwa yashike kutu pamoja na waya za chuma. Kazi zake zilionyeshwa katika October Gallery, London, mwaka 2013. Anaingia humu kwa mbinu zaidi kuliko kwa umbo.

Tukirudi Kibera, malighafi ya tabaga hununuliwa. Chane za majani hulowekwa kabla ya kusukwa ili zisikatike. Zikilowa kupita kiasi hunywea zikikauka, mshono ukalegea na petali zikaachana. Chane za plastiki hazinywei, lakini huteleza, hivyo msusi hulazimika kukaza kila mshono kabla ya kuuachilia mkononi.