Jinsi ya kuchagua mitambo ya seva ya video nyumbani

FAMILIA nyingi zina hazina ya video iliyotawanyika huku na huko: harusi katika diski ya DVD, mahafali katika simu, filamu zilizonunuliwa katika kabati la sebuleni, na mazungumzo na nyanya katika kipakatalishi ambacho hakiwaki tena.

Seva ya nyumbani ni tarakilishi moja inayohifadhi video hizo zote na kuzipeleka kwenye runinga, simu au tarakilishi nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba. Kwa kuwa data haitoki nje, video hutazamwa bila kumaliza kifurushi cha intaneti.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hupoteza pesa kwa kuanzia mahali pasipofaa. Mtu hununua prosesa ya bei ghali, kisha filamu inazidi kukwama kwa sababu kasoro ilikuwa katika waya au runinga. Mwingine hununua diski moja kubwa, na inapokufa hupotea nayo kumbukumbu za miaka 20. Ni heri kufanya hesabu kabla ya kuingia dukani.

Ubora wa video

Picha ya DVD inayotumia mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa 576. Ile ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, nayo ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne ya 1080p.

Kinachoamua mzigo wa mitambo, hata hivyo, ni kasi ya data. Katika diski ya Blu-ray ya kawaida, picha peke yake inaweza kufikia megabiti 40 kwa sekunde. Blu-ray ya 4K, ambayo iliingia sokoni mwaka wa 2016, inaweza kuzidi megabiti 100 katika matukio yenye vitu vingi vinavyosonga.

Filamu ya saa mbili yenye wastani wa megabiti 25 kwa sekunde huchukua gigabaiti 22.5. Ikiwa wastani ni megabiti 60, filamu hiyo huchukua gigabaiti 54. Mnunuzi akijua idadi ya filamu zake na ubora anaoutaka, atajua pia ukubwa wa diski anayohitaji.

Kifaa cha kutazamia

Seva inaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka faili jinsi ilivyo, na runinga ikajifungulia yenyewe. Kazi hii ni nyepesi mno, hata tarakilishi kuukuu huiweza. Ya pili ni kuigeuza video papo hapo iwe katika umbo ambalo kifaa kinalielewa. Hapo ndipo prosesa dhaifu hulemewa na picha kuanza kusimama.

Video hufinywa kwa kutumia kanuni ziitwazo kodeki. Zinazotumika sana ni H.264 ya mwaka wa 2003, H.265 ya 2013, na AV1 ya 2018. Karibu kila kifaa hufungua H.264, ila runinga za zamani hushindwa na H.265, na nyingi zaidi hushindwa na AV1.

Sauti nayo ina mitego yake. Baadhi ya runinga hazifungui sauti za DTS. Vilevile, maandishi ya tafsiri yaliyohifadhiwa kama picha, mfano yale ya Blu-ray, huweza kuilazimisha seva kuigeuza video nzima ili iyachape juu yake.

Kwa sababu hiyo, mara nyingi ni nafuu kununua kisanduku kidogo cha kuunganisha na runinga kwa HDMI, kinachofungua kodeki zote, kuliko kununua seva yenye nguvu nyingi.

Prosesa

Ikiwa ugeuzaji hauepukiki, jambo la kutazama ni kama prosesa ina sehemu maalumu ya kushughulikia video. Prosesa nyingi za Intel zimekuwa na sehemu hiyo, iitwayo Quick Sync, tangu mwaka wa 2011. Kwa video za 4K za H.265 zenye rangi za biti 10, inafaa kuanzia kizazi cha saba cha prosesa za Core.

Hili ni muhimu kwa wanaonunua tarakilishi zilizokwisha kutumika ofisini, ambazo ni nyingi katika maduka ya Nairobi. Mashine ya kizazi cha nne inaweza kuonekana rahisi, lakini italemewa na video hizo. Pia prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia kwa herufi F hazina sehemu ya picha, kwa hivyo hazina Quick Sync.

Raspberry Pi 5, iliyotolewa mwaka wa 2023, inafaa kwa kupeleka faili jinsi zilivyo, ila haina sehemu maalumu ya kufinya video upya.

Programu nayo ichunguzwe mapema. Jellyfin, iliyoanzishwa mwaka wa 2018, hutolewa bure pamoja na uwezo wa kutumia sehemu hiyo ya prosesa. Katika Plex, uwezo huo hulipiwa.

Mtandao wa ndani

Runinga nyingi, hata za 4K, zina tundu la waya lenye uwezo wa megabiti 100 kwa sekunde pekee. Filamu ya Blu-ray ya 4K inapopanda kupita kiwango hicho, itakwama hata kama seva ni ya hali ya juu.

Waya wa Cat 5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, mradi ruta na vifaa vya pande zote mbili viwe na uwezo huo. Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5 inaweza kutosha chumba kimoja, lakini hufifia haraka inapopenya kuta za mawe. Angalau seva yenyewe iunganishwe na ruta kwa waya.

Diski na nakala

Diski za kawaida zinazozunguka zinatosha kuhifadhi filamu. Diski nzima husoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, sawa na megabiti 800, kiasi kinachozidi kwa mbali mahitaji ya filamu moja. Diski ya SSD ndogo itumike kwa mfumo wa tarakilishi na orodha ya filamu.

Wengi huamini kwamba mpangilio wa diski kadhaa uitwao RAID ni nakala ya akiba. Sivyo. RAID huokoa diski moja inapokufa, lakini haisaidii mtoto anapofuta faili, mwizi anapobeba seva, au radi inapopiga. Filamu ya dukani inaweza kununuliwa tena. Sauti ya nyanya haiwezi. Video za familia ziwe na nakala katika diski ya pili iliyochomolewa, na nyingine nje ya nyumba.

Umeme

Seva huwaka mchana na usiku. Mashine inayotumia wati 20 humaliza uniti 14.4 za umeme kwa siku 30. Ya wati 100 humaliza uniti 72. Tarakilishi ya bei rahisi inaweza hivyo kuwa ghali kabla ya mwaka kuisha.

Umeme ukikatika ghafla, diski huweza kuharibika au faili kupotea. Wakenya wanakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima. Betri ya UPS iliyounganishwa na seva kwa waya wa USB huipa mashine nafasi ya kujizima kwa utaratibu.

Kwa mwenye fedha kidogo, utaratibu wa busara ni huu: kwanza diski mbili, moja ya matumizi na nyingine ya nakala, pili, waya na UPS, tatu, kisanduku cha runinga, mwisho, prosesa. Yaliyotangulia yakiwa sawa, huenda tarakilishi iliyomo nyumbani tayari ikatosha.