Viti Vinane vya Church Road

Kutoka Roehampton hadi Church Road, kusini-magharibi mwa London, ni kilomita chache tu. Kwa mchezaji wa tenisi njia hiyo ni mechi tatu. Kila Juni, wiki moja kabla ya mashindano ya Wimbledon kufunguliwa, zaidi ya wanaume mia moja hugombania nafasi 16 kwenye nyasi za Roehampton, na wanawake vilevile. Anayeshinda mara tatu mfululizo huvuka kwenda Church Road. Anayeshindwa hufunga begi akatafute mashindano mengine.

Wapo wasioipita njia hiyo. Droo kuu ya Wimbledon ina majina 128. Kati ya hayo, 104 huingia kwa ubora wao kwenye orodha ya dunia, 16 hutoka kwenye mchujo, na manane huandikwa na kamati ya Klabu ya All England. Hiyo ndiyo waildikadi, nafasi ya mwaliko. Nyingi huwaendea Waingereza, na kila msimu wa nyasi ukikaribia nchi nzima hubishana nani anastahili. Je, ni kijana aliyeanza kung'ara? Mkongwe anayerudi baada ya kuumia? Au yule wa nafasi ya 180 duniani, aliyekwisha kualikwa mara kadhaa na bado hajavuka raundi ya kwanza? Nimeufuata ubishi huu kwa kurudi nyuma hadi ulikoanzia, na naona umeacha nje swali kubwa kuliko yote hayo.

Chimbuko lenyewe liko Worple Road, kando ya reli, kwenye uwanja ambao leo wasichana wa shule ya Wimbledon High huutumia kwa michezo. Hapo, Julai 1877, wanaume 22 walicheza na Spencer Gore akatwaa ubingwa. Hakuna aliyehitaji kualikwa. Tangazo lilitoka gazetini, kwenye The Field, likimtaka mchezaji alipe ada, aje na raketi yake na avae viatu visivyo na kisigino. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mwanamume wa ridhaa, ingawa si vigumu kujua ni watu wa tabaka gani waliokuwa wakisoma gazeti lile. Upendeleo ulioingia mapema ulikuwa wa bingwa. Hadi 1921 bingwa mtetezi hakucheza raundi za awali. Alikaa akingoja mpinzani mmoja apatikane, kisha akacheza naye mechi moja ya kulitetea taji.

Mwaka 1922 mashindano yalihamia Church Road na upendeleo wa bingwa ukafutwa. Waombaji walikuwa wameongezeka mno, na kufikia 1925 mchujo ulikuwa ukichezwa Roehampton. Lakini nani aende kwenye mchujo na nani aingie moja kwa moja? Orodha ya ubora wa dunia inayotokana na matokeo haikuwapo. Kamati ilisoma barua za maombi, ikapima sifa na mapendekezo ya vyama vya nchi, ikaamua. Kwa maneno mengine, droo nzima ilikuwa mkononi mwa watu wachache waliojuana. Fred Perry, mtoto wa mwanasiasa wa chama cha ushirika, alisimulia kwamba baada ya kushinda fainali ya 1934 alimsikia mjumbe wa kamati akimfariji mpinzani wake, Jack Crawford, kwa kumwambia kuwa aliyestahili hakushinda. Perry alikuwa bingwa wa nyumbani, na angeshinda tena 1935 na 1936. Hata hivyo kuna watu ndani ya klabu ile waliomwona mgeni.

Ili kuona hasa uzito wa mamlaka hayo inabidi kuvuka bahari hadi Forest Hills, New York, yalipochezwa mashindano ya taifa ya Marekani. Althea Gibson, binti wa Harlem, alikuwa bora kuliko wengi waliokuwa wakicheza pale, lakini alikuwa mweusi. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumzuia. Ilitosha tu kutomwalika kwenye mashindano ya nyasi yaliyotangulia, kisha kusema kwamba hajaonyesha uwezo wake kwenye mashindano ya nyasi. Julai 1950 Alice Marble, bingwa wa zamani, aliandika katika jarida la American Lawn Tennis makala iliyowaaibisha waziwazi wenye mchezo. Mialiko ikaanza kuja. Agosti hiyo Gibson aliingia Forest Hills, mchezaji wa kwanza mweusi katika mashindano hayo, na katika raundi ya pili alikuwa akiongoza 7–6 katika seti ya mwisho dhidi ya Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, pale dhoruba iliposimamisha mechi. Kesho yake Brough alishinda. Miaka saba baadaye Gibson alipokea sahani ya ubingwa wa Wimbledon kutoka kwa Malkia Elizabeth. Nikisikia leo mtu akisema mwaliko ni jambo dogo la kamati ya michezo, namkumbuka Gibson. Alipoteza miaka kwa kukosa barua.

Mambo yalibadilika kwa haraka baada ya hapo. Mwaka 1968 wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kucheza pamoja na wa ridhaa. Agosti 1973 chama cha wachezaji wanaume kilitoa orodha ya kwanza ya ubora iliyopangwa kwa kompyuta, na wanawake wakapata yao 1975. Kwa mara ya kwanza mchezaji wa nafasi ya 90 aliweza kuwaambia wenye mashindano kwamba nafasi ile ni haki yake, awe anafahamika au hafahamiki. Kamati ikanyang'anywa karibu droo yote. Ikabaki na makombo, na makombo hayo yakapewa jina na idadi. Wimbledon ilianza kutoa waildikadi mwaka 1977.

Mwaka huo una mengi ya kutufunza. Ulikuwa mwaka wa mia tangu Worple Road, na wa jubilei ya miaka 25 ya Malkia. Virginia Wade, Mwingereza, alishinda fainali ya wanawake dhidi ya Betty Stöve, Malkia akitazama. Lakini aliyeishangaza dunia kwa upande wa wanaume alitokea Roehampton: John McEnroe, kijana wa miaka 18 kutoka New York. Alipita mchujo, akaendelea kushinda hadi nusu fainali, akasimamishwa na Jimmy Connors. Yaani katika mwaka uleule ambao mlango wa mwaliko ulifunguliwa, kijana asiyealikwa alionyesha jinsi mlango wa jasho unavyoweza kumfikisha mtu mbali. Tangu hapo kila anayesema kwamba kijana wa nyumbani akacheze mchujo kama wenzake anayo hoja, na hoja hiyo ni McEnroe.

Wanaotetea mwaliko nao wana 2001. Goran Ivanisevic wa Kroatia alikuwa amepoteza fainali tatu za Wimbledon, bega lilimsumbua, na alikuwa ameshuka hadi nafasi ya 125. Kamati ilimpa mwaliko kwa kuheshimu alichowahi kufanya pale. Akamtoa Greg Rusedski, Mwingereza, katika raundi ya nne. Katika nusu fainali akakutana na Tim Henman, tumaini la taifa zima, na mechi hiyo ikachezwa kwa siku tatu kwa sababu ya mvua. Henman alikuwa akiongoza seti mbili kwa moja mvua ilipoikata. Ivanisevic alishinda, na Jumatatu, katika fainali, akamfunga Patrick Rafter 9–7 katika seti ya tano. Ni mwanaume pekee aliyetwaa Wimbledon kwa mwaliko. Wapo Waingereza waliouma vidole: tulimfungulia mlango mgeni akaja kumwondoa mwana wetu. Mimi naona kamati haikuwahi kuutumia mwaliko vizuri kuliko siku ile.

Pesa nazo zimeuongezea ubishi moto. Mwaka 2025 aliyeshindwa raundi ya kwanza Wimbledon aliondoka na pauni 66,000. Mchezaji wa nafasi ya 300 anaweza kuzunguka mwaka mzima, akilala hoteli za bei nafuu na kujilipia kocha, asifikie kiasi hicho. Kwa hiyo mwaliko ni mshahara pia, na anayeupata kila mwaka bila kupanda anaishi kwa hisani ya mahali alipozaliwa. Hapo nawaunga mkono wanaokasirika. Kijana apewe mara moja au mbili, afunguliwe macho, kisha aachwe apande mwenyewe.

Waingereza wamewahi kujaribu kuipunguza hisani hiyo kwa kuwafanya wachezaji wao wagombanie nafasi uwanjani. Mwaka 2016 mechi hizo za awali zilimtoa Marcus Willis, mwalimu wa tenisi aliyekuwa wa 772 duniani. Zilimpa nafasi ya kucheza mchujo tu, akaupita. Baada ya kushinda mara sita akaingia droo kuu, akamfunga Ričardas Berankis, kisha akacheza na Roger Federer kwenye Centre Court, umati ukimshangilia kwa kila pointi. Alishindwa seti tatu kavu. Hakuna aliyeuliza kama alistahili kuwa pale, na sioni sababu nyingine isipokuwa hiyo ya mechi sita.

Hata hivyo jicho la kamati nalo huona yasiyoonwa na orodha. Mwaka 2021 Emma Raducanu, mwenye miaka 18 na nafasi ya 338, alikuwa apewe mwaliko wa mchujo tu, kisha ukapandishwa kuwa wa droo kuu. Alifika raundi ya nne. Agosti mwaka huo alikwenda New York, akapita mchujo wenyewe, akashinda mechi kumi bila kupoteza seti hata moja, akawa bingwa wa Marekani. Mlango wa kwanza alifunguliwa, wa pili akausukuma.

Ndipo ninapofika kwenye swali lililoachwa nje. Julai 2022, katika fainali ya wasichana wawili wawili palepale Wimbledon, Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa seti mbili kwa moja, pointi za mwisho zikiwa 11–9. Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, yaani la mashindano makuu ya tenisi duniani, katika ngazi yoyote. Mboko, aliyesimama ng'ambo ya neti, ni binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, mashindano makubwa ya Kanada yalichezwa Montreal na Mboko akapewa mwaliko wa mwenyeji. Alikuwa wa 85 duniani. Akamfunga Coco Gauff, akamfunga Elena Rybakina, na katika fainali akamfunga Naomi Osaka. Akapanda hadi nafasi ya 24.

Okutoyi angealikwa wapi? Kenya haina mashindano ya ngazi hiyo. Nairobi imewahi kuandaa yale ya ngazi ya chini, ambayo zawadi yake yote, ikigawanywa kwa wachezaji wote, ni sehemu ndogo ya kile anacholipwa aliyeshindwa raundi ya kwanza Wimbledon. Nchi tatu zenye Grand Slam hupeana: Australia, Ufaransa na Marekani hubadilishana nafasi za mwaliko, ili Mfaransa awe na kiti Melbourne na Mwaustralia awe na kiti Paris. Anayezaliwa kwenye mojawapo ya nchi hizo ana nyumba tatu, na anayezaliwa Nairobi au Dar es Salaam hana hata moja. Ubishi wa nani anastahili kati ya Mwingereza wa nafasi ya 180 na wa nafasi ya 240 ni ubishi wa watu waliokwisha kuketi mezani.

Wenye mchezo wanajua jinsi ya kulirekebisha hili, kwa kuwa wamewahi kufanya. Australia ilitenga mwaliko mmoja kwa wachezaji wa Asia na Pasifiki, na kwa miaka kadhaa uligombaniwa uwanjani Zhuhai, China. Wimbledon ina viti vinane kwa kila upande. Ikibakiza saba na kutoa kimoja kigombaniwe na Waafrika kila Mei, Waingereza hawatapungukiwa, na mpewaji atakuwa ameshinda mechi zake kama Willis. Tusiambiwe kwamba nyasi si za Waafrika: katika mashindano yaleyale ya 2022 Ons Jabeur wa Tunisia alicheza fainali ya wanawake, na 2023 akairudia. Viwanja vya kugombania vipo Tunis, vipo Nairobi, na tangu 2024 Kigali huandaa mashindano ya Challenger ya wanaume.