Jumamosi Barazani

Katika nyumba za Kiswahili za Temeke, Magomeni na Kinondoni, ambazo aghalabu zina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uwanja nyuma, hapana mahali palipopendwa na wazee waliokwisha kustaafu kuliko baraza ya mbele, ambako Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, mkeka hutandikwa na bao hutolewa. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vyake vidogo, na mlio ule watosha kuwa mwaliko. Kahawa chungu hunywewa kwa kashata, na kwa rai yangu hapana karamu iipitayo ladha hiyo.

Bao lenyewe lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akinamua moja moja, na mzee ambaye macho yake hayasomi tena gazeti huweza kuzihesabu kete za mwenziwe kwa fikira tu, bila ya kuzigusa.

Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza, redio nayo ilipata makazi barazani, kwani mwenye nayo aliisikiliza pamoja na jirani zake. Na ilipokuja Radio Tanzania Dar es Salaam, mwaka 1965, taarabu na taarifa ya habari ziliendelea kusikilizwa vivyo hivyo.

Enyi mnaojenga leo nyumba zilizozungushiwa kuta ndefu, nawasihi, wajengeeni wazee wenu baraza.