Ghuba Zilizochaguliwa Kabla ya Watalii

Kauri zilifika Bungoma kabla ya watu wa Bungoma kufika baharini. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu ilipanda kutoka pwani hadi kwa mtawala Mumia, kisha ikatawanyika kuelekea Mlima Elgon ikitafuta pembe za ndovu. Ilikuja na vitambaa, shanga na makombe hayo madogo ya baharini, ambayo huku Magharibi yaligeuka kuwa mapambo ya heshima. Bahari ilijulikana kwa vitu vyake muda mrefu kabla ya kujulikana kwa sura yake.

Safari ya kuteremka upande wa pili ilirahisishwa na reli. Tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926, na njia kuu inayopita Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Walowezi wa Trans Nzoia, waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sasa waliweza kupanda treni Kitale na kushukia Mombasa kwa likizo. Katika miaka hiyo ya 1930 Malindi ilipata hoteli zake za kwanza za ufukweni, na mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alifika huko kuvua samaki wakubwa. Waafrika waliolima mashamba ya Trans Nzoia hawakuwa na likizo ya namna hiyo. Wengi wao waliiona Mombasa kwa mara ya kwanza wakiwa vibarua wa bandari au wanajeshi waliokuwa wakipelekwa vitani.

Hata hivyo, si wenye hoteli waliozichagua ghuba za pwani hiyo. Waliwakuta wenyeji wameshazichagua. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, alifika katika mji uliokuwa ukipokea majahazi ya Uarabuni na Uhindi, na hapo ndipo alipopata rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Kusini kidogo, watu wa Gede walikuwa wamejenga mji wa mawe karibu na hori ya Mida. Nahodha alitafuta mlango kwenye mwamba na maji yaliyotulia nyuma yake. Mvuvi wa ngalawa alitafuta hayohayo, na juu yake alijua kipindi cha bamvua, maji yanapokupwa sana hadi mwamba ukatembewa kwa miguu, na kipindi cha maji mafu. Mtu anayeingia leo na miwani na mrija wa kupumulia anahitaji maarifa yaleyale, na mara nyingi anayempeleka ni mjukuu wa mvuvi huyo.

Mwaka 1968 ndio uliobadilisha mambo. Serikali ya Kenya ilitangaza Malindi na Watamu kuwa hifadhi za taifa za bahari, za kwanza nchini na miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Ndani ya mipaka yake ilikatazwa kuvua, kuvunja matumbawe na kuokota makombe. Mwaka huohuo Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia, nao ukatangazwa hifadhi ya taifa, pamoja na pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Msitu ulio juu ya Kitale na matumbawe ya Watamu viliingia chini ya ulinzi wa taifa katika mwaka mmoja. Wanafunzi wa Kitale na Bungoma wanastahili kufundishwa jambo hili.

Kulindwa kwa sheria, hata hivyo, hakukuzifanya ghuba za Malindi na Watamu zilingane, na sababu yake ni mto. Kaskazini tu mwa mji wa Malindi, Mto Sabaki unaingia baharini. Unaanzia nyanda za juu kwa jina la Athi, unapita Ukambani na Tsavo, na kila mvua kubwa hushuka na udongo wa mashamba. Upepo wa kusi unapovuma, mkondo huusukuma udongo huo kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana. Upepo wa kaskazi ukishika, udongo hurudi kusini na kuyafikia matumbawe ya Malindi, ambayo huishi kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana mgeni anaweza kukuta maji ya rangi ya chai Malindi, na siku hiyohiyo akaogelea Watamu katika maji yanayoonyesha mchanga wa chini. Watu wa Bungoma hawahitaji kuelezwa zaidi: wanaufahamu Mto Nzoia wakati wa masika, unavyochukua udongo wa Elgon na Cherangani hadi Ziwa Viktoria.

Miaka ya 1970 ilileta hifadhi nyingine, Kisite-Mpunguti, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko mtu hupanda mashua Shimoni, akapita kisiwa cha Wasini na kufika kwenye fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, pomboo wakiwa njiani. Kwa anayetaka kisiwa hasa, hakuna mahali Kenya panapopashinda. Lakini kwa wavuvi wa Wasini na Shimoni tangazo hilo lilimaanisha kufungiwa maeneo waliyovua wazee wao, na manung'uniko yalidumu miaka mingi. Faida ilianza kuonekana pale wenyeji walipopata kazi ya kuongoza wageni, na pale kinamama wa Wasini walipojenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale na kuanza kutoza kiingilio wao wenyewe.

Kisha likaja joto la mwaka 1998. El Niño iliipasha moto Bahari ya Hindi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, ndani ya hifadhi na nje yake. Askari wa wanyamapori hawezi kuzuia joto. Baadhi ya jamii za wavuvi zilianza kujiuliza swali ambalo awali lilikuwa likiulizwa na serikali peke yake: ni sehemu gani ya bahari iachwe bila kuvuliwa? Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi walilijibu kwa vitendo: mwaka 2005 walifunga wenyewe sehemu ya bahari yao ya takriban hekta 30, wakaacha kuvua ndani yake. Samaki walirudi, na wageni wakafuata. Mwaka 2017 kazi yao ilitambuliwa kwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hapa palilindwa bila mtu kufukuzwa, na kwa sababu hiyo eneo hili lililotengwa linastahili heshima kuliko hifadhi nyingi zenye jina kubwa.

Watu wa Magharibi nao wanaijua hoja hiyo ya kulinda bila kufukuza. Mwezi Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa haki Waogiek wa Chepkitale, waliopinga ardhi ya wazee wao katika Mlima Elgon kugeuzwa hifadhi mwaka 2000.

Familia ya Kitale au Bungoma inayojipangia safari basi iiache Agosti. Bahari huchafuka kwa kusi, na mwaka wa tohara nyumbani kuna shughuli. Iende kati ya Desemba na Machi, ianzie Watamu au Kisite, na itenge siku moja kwa ajili ya Kuruwitu. Imwulize nahodha saa za maji kupwa kabla ya kulipa. Isikanyage matumbawe, na isinunue kombe lolote ufukweni, hata kauri.