Waya Yenye Ruhusa: Rekodi za Wachsmann Kurudi Kampala
Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Klaus Wachsmann, msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, Kampala, alirekodi muziki wa jamii nyingi za nchi hiyo. Takriban miaka 60 baadaye, nakala za kidijitali zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere kutoka London, na kompyuta yaweza kuzinakili tena na tena. Jambo hilo si dogo. Kiwango cha S/PDIF, kilichobuniwa na Sony na Philips kuunganisha vyombo vya muziki vya nyumbani, hubeba sauti pamoja na alama ya kudhibiti unakili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ilizilazimisha rekoda za kidijitali za nyumbani kuitii alama hiyo; kompyuta hazikuguswa. Kwenye rekoda hizo, nakala ya mwanafunzi wa Makerere ingeweza kuwa ya mwisho.