Mwinyi, Sayyid na Sheha: Majina ya Vyeo na Koo Tawala za Unguja, kutoka Dunga hadi Chukwani

Utangulizi

Chukwani, kusini mwa Mji wa Zanzibar, pana mambo matatu ambayo mtu anayekwenda kwa miguu anaweza kuyatazama kwa siku moja. La kwanza ni mahali lilipokuwa kasri la ufukweni la Sayyid Barghash bin Said (1870–1888), lililojengwa kwa ajili ya mapumziko kwa sababu ya uzuri wa hewa yake; sehemu kubwa ya kasri hilo imekwisha kubomolewa. La pili ni jengo la Baraza la Wawakilishi, chombo kilichoundwa mwaka 1980, ambamo kila mjumbe huitwa Mheshimiwa. La tatu ni ofisi ya sheha. Majina haya matatu ya vyeo hayana asili moja wala umri mmoja. Lililo dogo kuliko yote kwa fahari, yaani sheha, ndilo lenye mizizi mirefu zaidi katika utawala wa vijiji vya Unguja. Jina la nne, ambalo zamani lilikuwa juu ya masheha wote, halimo tena katika orodha ya vyeo vya dola: ni la Mwinyi Mkuu.

Makala hii inajenga hoja kwamba maisha ya jina la cheo Unguja hayakuamuliwa na ukubwa wa heshima yake, bali na kile ambacho jina hilo lilifungamana nacho. Suala hilo si la Unguja peke yake. Huko Scotland baroni wa kikabaila alikuwa baroni kwa sababu ya ardhi: aliyepata ardhi yenye ubaroni alipata na cheo chake. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Scotland mwaka 2000, na ambayo ilianza kutumika kikamilifu tarehe 28 Novemba 2004, ilifuta umiliki wa ardhi wa kikabaila na kukitenga cheo na ardhi. Tangu siku hiyo ubaroni unaweza kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila hata hatua moja ya shamba. Unguja haikuwa na cheo kilichokaa ardhini kwa namna hiyo, ingawa lugha yenyewe inaweza kumpotosha msomaji, kwa kuwa mwinyi ni lahaja ya mwenye.

Mwenye nini?

Neno mwinyi limepita njia ndefu. Katika mazungumzo ya kisiasa ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, umwinyi lilitumika sambamba na ukabaila, na katika matumizi ya kila siku limekuja kumaanisha tabia ya kutaka kutumikiwa bila kunyanyua mkono. Hali kadhalika limekuwa jina la kawaida la watu, hata la marais wawili wa Zanzibar, baba na mwana. Maana hizi za baadaye hazipaswi kusomwa ndani ya karne ya 17 au ya 18. Mwinyi Mkuu wa Unguja hakuwa mwenye ardhi kwa maana ya bwana shamba. Ardhi ya kusini na mashariki mwa kisiwa, yenye mawe na udongo haba, ilikuwa mikononi mwa koo na miji. Alichokuwa nacho ni haki juu ya watu: kupokea sehemu ya mazao na kazi yao, kuwaamua wanapogombana, na kuwasemea mbele ya wageni wenye nguvu. Katika miji hiyo walikuwepo masheha na wazee, na utii wao kwa Mwinyi Mkuu ndio uliofanya jina lake liwe na maana.

Mfano wa wazi wa usemaji huo ni Mwana Fatuma, aliyetawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kati ya mwaka 1696 na 1698, malkia huyo alikuwa upande wa Wareno na aliwapelekea chakula waliozingirwa. Ngome ilipoanguka alikamatwa na kupelekwa Oman, kisha baadaye akarejeshwa kisiwani mwake. Jambo la kuzingatia ni kwamba Waomani hawakukifuta cheo chake. Mwanawe Hassan alikirithi, na ukoo wao, uliojulikana kwa nisba ya al-Alawi, uliendelea kukishika kwa takriban karne moja na nusu chini ya kivuli cha Oman. Dola ya Oman wakati huo ilitaka bandari na ushuru. Ilikuwa nafuu kwake kuwapata watu wa kisiwa kupitia kwa mtu ambaye tayari walimtii.

Nafuu hiyo ndiyo iliyokuja kukila cheo. Sayyid Said bin Sultan (1806–1856) alipoifanya Unguja makao yake na mikarafuu ikaenea upande wa magharibi wa kisiwa, mahitaji yake kwa wenyeji yaliongezeka. Mwinyi Mkuu akawa mkusanyaji wa kodi ya kichwa na mpeleka watu wa kazi. Sehemu ya kodi ilibaki kwake, sehemu ikaenda kwa Sayyid. Watu waliokuwa chini yake wakajulikana kwa jina la Wahadimu, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, na wengi wao walipendelea kujitambulisha kwa miji yao au kwa Ushirazi. Watawala wachache wamepata kupewa raia wenye jina linaloeleza kwa uwazi namna hiyo kile ambacho mtawala mwingine anakitaka kutoka kwao.

Dunga: cheo kilichokaa katika ngoma

Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed al-Alawi, aliyefariki mwaka 1865, alijenga kasri lake Dunga, kati ya Mji na Chwaka. Magofu yake yapo hadi leo, na masimulizi yake ni mengi kuliko mawe yaliyobaki: kwamba damu ya watumwa ilichanganywa katika chokaa ya ujenzi, na kwamba kisima chake kilificha maiti. Masimulizi haya yanatajwa mara nyingi kama ushahidi wa ukatili. Inawezekana kuyasoma kwa namna nyingine pia. Mtawala ambaye majeshi, forodha na fedha vilikuwa kwa mwingine alibaki na hofu kama mojawapo ya mali zake chache, na hofu huhitaji hadithi.

Mali nyingine ilikuwa siwa na ngoma. Katika miji mingi ya Uswahilini siwa haikuwa chombo cha muziki tu; kupigwa kwake kulitangaza harusi, maziko au kutawazwa kwa mtu mwenye haki ya kupigiwa. Ngoma za Dunga zilikuwa na mlinzi wake, na hazikupaswa kuonekana na kila jicho. Kwa hiyo cheo cha Mwinyi Mkuu kilikuwa na mwili unaoonekana, na mwili huo ulikaa ndani ya nyumba ya ukoo mmoja.

Mwaka 1873 Ahmed bin Muhammad, mwana na mrithi wa mjenzi wa Dunga, alifariki kwa ndui bila kuacha mrithi wa kiume. Hakutawazwa Mwinyi Mkuu mwingine. Waandishi wa enzi ya Waingereza wamezoea kulieleza tukio hili kama kukatika kwa ukoo, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi. Ukoo huohuo ulikuwa umewahi kutawaliwa na wanawake, Mwana Fatuma akiwa mmojawapo, na binti za Mwinyi Mkuu walikuwa hai. Kilichobadilika kati ya mwaka 1698 na 1873 si kanuni ya urithi peke yake. Ni haja ya dola. Barghash, aliyekuwa na miaka mitatu tu katika utawala, aliweza kuwafikia masheha na wazee wa miji moja kwa moja, bila mtu wa kati anayekata sehemu yake ya kodi. Kifo cha ndui kilimpa bure kile ambacho mtangulizi wake yeyote angelazimika kukidai kwa nguvu. Siwa na ngoma za Dunga hatimaye ziliingia katika makumbusho ya Beit el-Amani, yaliyofunguliwa mwaka 1925, zikiwa vitu vya kutazamwa.

Masayyid wa aina mbili

Cheo cha Sayyid kilikuwa na tabia tofauti kabisa, na hapa ndipo mkanganyiko wa watafiti ni mkubwa zaidi. Katika sehemu kubwa ya ulimwengu wa Kiislamu, sayyid ni mtu wa kizazi cha Mtume. Katika Mji Mkongwe watu wa nasaba hiyo walikuwepo, hasa masharifu wa Kihadhrami wa ukoo wa Ba Alawi. Kadhi na mwanachuoni mashuhuri Sayyid Ahmad bin Sumait (1861–1925) alikuwa mmoja wao. Al Busaid hawakuwa wa nasaba hiyo wala hawakudai kuwa. Mwanzilishi wa utawala wao, Ahmad bin Said, alichaguliwa kuwa imamu wa Oman katikati ya karne ya 18. Katika kizazi kilichofuata uimamu ulibaki kwa mwanawe Said huko Rustaq wakati madaraka ya kweli yakihamia Muscat kwa mjukuu, Hamad bin Said, na huko ndiko sayyid lilikotumika kama jina la mtawala asiye imamu na la jamaa zake. Kwa maneno mengine, lilikuwa jina la kujazia pengo.

Matokeo yake ni kwamba katika mtaa mmoja wa Unguja watu wawili waliweza kuitwa kwa jina lilelile kwa sababu zisizohusiana: mmoja kwa kuwa ni wa kizazi cha Mtume, mwingine kwa kuwa ni wa ukoo unaotawala. Wala jina halikuwa geni kisiwani. Maandishi ya Kikufi katika mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yanamtaja aliyeamuru kujengwa kwake kwa heshima za sheikh na sayyid, zaidi ya miaka mia sita kabla ya kuwepo kwa utawala wa Al Busaid.

Wageni wa Ulaya na Marekani hawakuridhika na neno sayyid, kwa kuwa halikuwa na mwenzake katika orodha zao. Said bin Sultan aliandikwa mara imamu, wakati uimamu hakuupata kamwe, na mara sultani, ingawa Sultan katika jina lake ni jina la baba yake tu. Baada ya uamuzi wa mwaka 1861 uliotenganisha Zanzibar na Muscat, usultani ulitulia katika nyaraka za kidiplomasia. Binti yake Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, alikutana na tatizo hilohilo kwa upande wa pili: kitabu chake cha mwaka 1886 kilimtambulisha kwa wasomaji wa Berlin kama binti mfalme wa Kiarabu, kwa kuwa neno ambalo nyumba ya Mtoni ingelitumia lisingewaambia kitu.

Udhaifu wa cheo kinachokaa katika damu ni kwamba kinawagusa wengi mno. Kila mtoto wa kiume wa Said alikuwa sayyid, na jina halikusema nani atawale. Barghash alijaribu kumpindua Majid mwaka 1859 akapelekwa Bombay. Khalid bin Barghash alijitangaza tarehe 25 Agosti 1896, na siku mbili baadaye manowari za Kiingereza zikaamua nani awe sultani kwa mizinga iliyodumu chini ya saa moja. Nguvu yake ni hiyohiyo ikigeuzwa: damu husafiri. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwondoa Sultani Jamshid bin Abdulla, na baada ya miaka mingi Uingereza alikwenda Oman, alikofariki mwaka 2024 akiwa bado sayyid, bila kiti, bila kasri na bila forodha.

Sheha

Asili ya neno sheha inajadiliwa. Wapo wanaoliunganisha na shah la Kiajemi na wapo wanaoliona kuwa ni sheikh lililotamkwa kwa ulimi wa kisiwani. Mjadala huo ni wa wanaisimu. Kwa historia, la muhimu ni kwamba sheha alitambuliwa kwa kazi yake: kugawa, kusuluhisha, kuitika serikali inapoita. Masheha walikuwepo chini ya Mwinyi Mkuu, wakawepo chini ya Sultani na Waingereza, na baada ya Mapinduzi, ambayo yaliitaifisha ardhi na kuwagawia wakulima eka tatu tatu, jina lao lilirudi katika sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998. Sheha wa leo huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hazaliwi sheha.

Haifai kuliona hilo kama ushindi wa wanyonge. Cheo kilichodumu kwa sababu ya kazi hubeba pia lawama za kazi. Tangu kuanzishwa kwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi mwaka 2005, neno la sheha juu ya nani ni mkaazi na nani si mkaazi limekuwa na uzito katika uandikishaji wa wapiga kura, na vyama vimegombana vikali kwa sababu yake. Nani ni mtu wa mji na nani ni mgeni lilikuwa swali la sheha tangu enzi ya Dunga. Wakati huo liliamua nani alime wapi na nani atoe kodi. Huko Chukwani, anayetaka kumchagua mheshimiwa wa kuingia katika Baraza huanza kwa kubisha hodi katika ofisi ya sheha, hatua chache kutoka lilipokuwa kasri la Barghash.